Paa la zamani Mtwara: bima ya nyumba au waranti ya mabati?

Bati la Shangani, ufukweni mwa Mtwara mjini, halizeeki kama la Masasi, mbali na bahari. Upepo wa bahari una chumvi, na kutu huanzia kwenye matundu ya misumari na pale bati zinapopandana. Panda ngazi utazame hapo kwanza.

Waranti ni ahadi ya kiwanda juu ya bati lenyewe: rangi kubambuka au kutu kabla ya muda ulioandikwa. Kenchi zilizoliwa na mchwa hazimo ndani yake, wala kazi mbovu ya fundi. Soma pia maandishi madogo, maana baadhi ya viwanda huziondoa kwenye waranti nyumba zilizo karibu na bahari. Na bila risiti, hakuna madai.

Bima hulipa janga la ghafla: moto, mti kuanguka, upepo kama wa kimbunga Hidaya wa Mei 2024, mradi tufani imeandikwa kwenye mkataba. Kutu ya miaka mingi ni uchakavu, hailipwi. Wengi huumia kwenye thamani: nyumba ya milioni 40 ukiikatia bima ya milioni 20, paa likiezuliwa kwa hasara ya milioni 6, unaweza kupewa milioni 3 tu, kwa kuwa umekatia bima nusu ya thamani, tena kabla ya kukatwa sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe.

Kwa paa lililochoka nachagua bima, ila baada ya kubadilisha bati zilizooza na kupiga picha zenye tarehe. Waranti yake mara nyingi imeshakwisha. Kampuni ya bima ikikuzungusha, peleka malalamiko TIRA, mamlaka ya serikali inayosimamia bima, ukiwa na mkataba na picha hizo.