Miezi saba na mizizi ya Kiingereza: uzoefu wangu wa Etymonline na AnkiDroid

Mimi ni mwalimu wa jiografia. Shule ya msingi nilisoma kwa Kiswahili, Kiingereza nikakutana nacho kidato cha kwanza kikiwa tayari ndiyo lugha ya masomo yote. Nilihitimu chuo kikuu, lakini makala ndefu ya Kiingereza iliendelea kunipiga chenga. Nilipotaka kuomba shahada ya uzamili Marekani nikafanya mtihani wa GRE, na sehemu ya Verbal, ile ya lugha, ambayo alama zake huanzia 130 hadi 170, ikanipa 147.

Nikachapisha orodha ya maneno 1,000 nikaanza kukariri 30 kila usiku. Ikifika Jumapili, ya Jumanne yameshapotea. Neno kama "pusillanimous" nilikuwa nalishika kama mtu anavyoshika namba ya simu, bila kujua kwa nini tarakimu zimepangwa hivyo.

Aliyenitoa huko ni ustadhi anayefundisha Kiarabu shuleni kwetu. Alinikuta ofisini nimeinamia ile orodha, akachukua chaki akaandika ubaoni: kitabu, katibu, maktaba. Chini yake: elimu, mwalimu, maalumu. Akaniambia, "Mwalimu, haya hukuyakariri moja moja. Ni watoto wa nyumba mbili. Hicho Kiingereza chako hakina nyumba?"

Kinazo. Kiini cha Kiingereza ni cha jamii moja na Kijerumani, lakini baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikaingia mahakamani na kwa wakubwa, na baadaye wasomi wakachota Kilatini na Kigiriki kwa wingi. Maneno mengi yanayotusumbua sisi yametoka huko, na hutembea kwa ukoo.

Etymonline ni kamusi ya asili ya maneno ya Kiingereza, kazi ya Mmarekani Douglas Harper, na kuisoma mtandaoni ni bure. Unaandika neno, inakueleza lilipitia lugha gani na lilianza kuonekana lini katika Kiingereza. Neno la kwanza kulitafuta lilikuwa lile lile "pusillanimous". Nikakuta Kilatini: "pusillus", kidogo sana, na "animus", roho au nia. Mwenye kiroho kidogo, yaani mwoga. Nikafuata "animus" inakokwenda. "Magnanimous" ni mwenye roho kubwa, asiyelipiza hata akiwa na nguvu za kulipiza. "Unanimous" ni wa nia moja, neno kwa neno kama tunavyosema sisi. "Equanimity" ni roho iliyo sawa, haipandi wala haishuki. Maneno manne yakakaa kichwani usiku mmoja, na yamekaa hadi leo, kwa sababu Kiswahili nacho huweka tabia ya mtu kwenye roho yake. Sikuhitaji kufikiri Kizungu ili niyashike.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote humo ni kurasa za mizizi ya kale kabisa. Fungua mzizi "spek", wenye maana ya kutazama, utaona "inspect", "spectator", "suspect" na "despise", yaani kumtazama mtu kwa chini. Mzizi huo huo, kwa upande wa Kigiriki, umezaa "telescope" na "bishop", kwa kuwa "episkopos" ni mwangalizi. Na askofu wetu ametoka kwenye neno hilo hilo la Kigiriki, akapitia Kiarabu. Nilikaa na ukurasa ule mpaka saa saba usiku. Miezi kadhaa baadaye nilikutana na "perspicacious" gazetini, sijawahi kuliona: "per" ni kupenya, kisha kutazama. Mwenye jicho la kupenya mambo. Nikafungua kamusi, ndivyo ilivyo.

Lakini mzizi hauachiwi kufanya kazi yote, na hili nimelilipia. Katika barua yangu ya maombi nilimsifu mkuu wangu wa zamani kwa neno "egregious". Nilijua ni "ex", nje ya, na "grex", kundi, mzizi ule ule wa "segregate" na "congregation". Aliyejitokeza kuliko kundi, nikaona sifa nzuri. Dada yangu aliisoma kabla sijaituma, akanipigia simu jioni ile. Zamani lilikuwa sifa kweli. Siku hizi ni ubaya uliopindukia. Nikimfikiria yule mzee wa watu, naumia. Tangu siku hiyo hakuna neno linaloingia kwenye kadi zangu kabla sijaangalia kamusi ya kawaida, yenye sentensi za mfano.

Kuna pia mizizi inayofanana sura tu. "Ped" ya "pedestrian" ni mguu kwa Kilatini, ya "pediatrician" ni mtoto kwa Kigiriki, kama vile paa wa porini asivyo na undugu na paa la nyumba. Na "inflammable" kwenye lori la mafuta haina maana ya kisichowaka. Inawaka.

AnkiDroid ni programu ya kadi za kujipima, bure kwa simu za Android, na ukishatengeneza kadi huhitaji bando. Kadi unayoikumbuka hurudi baada ya siku nyingi zaidi, uliyoikosa hurudi mapema. Mbele ya kadi naweka sentensi yenye pengo, nyuma naweka neno, mzizi, ndugu zake wawili na picha ya Kiswahili. Kadi kumi mpya kwa siku, hazizidi. Zipo zilizokwisha kutengenezwa na watu wengine, lakini kwangu kuiandika mwenyewe ndiyo nusu ya kusoma.

Baada ya miezi saba nilirudia mtihani nikapata 154. Kama Kiingereza chako bado kiko mwanzoni, subiri kwanza: maelezo yote yameandikwa kwa Kiingereza. Wala njia hii haitakusaidia kwa "put off" na "put up with"; hayo nimeyapata kwa kusikiliza watu wakiongea.

Ustadhi sasa huazima simu yangu saa ya chai. Juzi alitafuta "magazine", akakuta limetoka kwenye Kiarabu "makhazin", ghala. Akakaa kimya kidogo, kisha akachukua chaki, akaandika ubaoni: hazina.