Shuka za kunyonya mafuta nazikubali, ila soksi yake hapana
Wenye boti wenzangu, nilinunua zile shuka nyeupe za kunyonya mafuta duka moja Kariakoo, jina nalihifadhi, pakiti ya shuka 20 elfu 70 na soksi yake ndefu ya kutandaza majini elfu 90. Mi napeleka watu kisiwa cha Mbudya kutoka Kunduchi, na paipu ya dizeli ilikuwa inavuja kidogo kidogo mpaka maji ya ngamani, kule chini kabisa ndani ya boti, yanang'aa rangirangi kama shingo ya njiwa.

Shuka ziko poa sana sidanganyi. Unaitandika tu juu ya maji, inakunywa dizeli maji inayaacha, ukiinyanyua imekuwa nzito ya njano lakini hata haichuruziki, nilitumia tatu tu ngama ikatakata. Zamani dogo wangu alikuwa anamwaga sabuni ya unga halafu tunakumba tunamwaga baharini, tunajiona wasafi kumbe mafuta tumeyakatakata tu tukawapelekea samaki.

Sasa soksi. Muuzaji akaniapia kabisa, "kaka hii ndo Wamarekani walizibia kisima kilivyopasuka baharini". Weee! Kisima kile cha mafuta cha Macondo, Ghuba ya Mexico 2010, mdomo wake ulikuwa chini kama mita 1,500 huko, mlipuko uliua watu 11 na mafuta yakamwagika siku 87. Walishusha boksi kubwa la chuma likazibwa na barafu ya gesi, wakasukumia tope zito likashindwa, mpaka Julai ndo wakapata kifuniko cha kukaa, na Septemba wakakizika kisima chenyewe kwa saruji. Maboya marefu ya kuelea kama hii soksi yalikuwa ya kuzuia mafuta juu ya maji yasifike fukwe, si ya kuziba kisima, na kukomba mafuta juu ya maji kulipata kama asilimia 3 ya yote. Na wale walikuwa na meli, we una soksi ya elfu 90.

Yangu niliizungushia boti siku ya kusi, haikumaliza nusu saa imejikunja kama nyoka, wimbi linaruka na mafuta yake. Asubuhi maji yakiwa yametulia hapo sawa inashika.

Shuka nyota tano, soksi mbili. Ila zikishalowa zinatupwa wapi? Nilimpigia muuzaji akaniambia "we choma tu kaka". Zangu ziko kwenye pipa nyuma ya nyumba, mama watoto ashaanza kuniangalia vibaya, anayejua zinapopokelewa aniambie.