Canon EF 50mm f/1.8 STM: nzuri, ila usiing'ang'anize kwenye 1.8

Kama kamera yako ya Canon ilikuja na lenzi ya 18-55mm, ya pili kununua ni hii. Ilitoka 2015, ina gramu 160 tu, na bei yake haitishi. Ile ya 18-55 ukiivuta hadi mwisho, tundu lake haliachii zaidi ya f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), hii ikifunguka yote hadi f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi ya huo. Ukumbini usiku, hapo ndipo inapolipa.

Tatizo ni wanaoiweka f/1.8 wasiiguse tena. Kwenye kamera ya Canon 2000D, yenye sensa (kipokea picha) ndogo, mtu akiwa mita 2 mbele yako sehemu inayotoka kali ni kama sentimita 11 tu. Msogelee hadi mita 1, hazifiki hata 3: jicho limekolea, sikio limeshapotea. Halafu inalaumiwa lenzi! Kwa uso wa mtu mmoja weka f/2.8, na msimamishe mita 3 au 4 mbele ya ukuta. Akiuegemea, hata f/1.8 haiufichi. Familia katika safu mbili? Rudi mita 4, f/5.6, lenga safu ya mbele. Chakula ndicho kigumu zaidi: kwenye sentimita 35, karibu kabisa lenzi hii inakoweza kulenga, f/1.8 haikupi hata milimita 2. Rudi nyuma kidogo, funga hadi f/8, tumia stendi.

Mchana wa jua kali, f/1.8 kwa ISO 100 (wepesi mdogo wa kamera kwa mwanga) inadai shata, yaani muda wa kuingiza mwanga, ya sekunde 1/8000 hivi, na 2000D inaishia 1/4000. Picha inaungua. Funga hadi f/2.8, au vika lenzi filta ya ND (kioo cheusi kinachopunguza mwanga) ya milimita 49.

Chagua nukta moja ya fokasi na uiweke juu ya jicho lililo karibu na kamera. Ukiiachia kamera ichague, kwa kawaida itakimbilia kilicho mbele, mara nyingi mkono au maikrofoni.

Kwenye f/1.8 kingo za vitu vinavyong'aa huingia zambarau, f/2.8 inapunguza. Haina kizuia mtikisiko, kwa hiyo shata isiwe ya polepole kuliko 1/125. Na bomba la mbele hutokeza ukilenga karibu: lenga mbali lirudi ndani kabla ya kuzima kamera, kwa sababu likigongwa likiwa nje ndiyo mota inaharibika. Kofia ya ES-68 hulikinga, ila inauzwa kando.