Fistula ya kusafishia damu, Mwanza: nyota nne kwa waliopima mishipa kwanza

Mimi nauza dagaa Mwaloni, Kirumba, na nasafisha damu mara tatu kwa wiki. Nimefanyiwa upasuaji wa fistula ya mkono, yaani kuungwa mishipa ya damu ili mashine ipate pa kuvutia damu, katika hospitali mbili hapa Mwanza. Majina siyataji, maana madaktari huhama. Cha kukagua ni utaratibu wao.

Kama wengi wetu tunaofika figo zimeshagoma, nilianza na katheta ya shingoni, yaani mipira inayoingizwa kwenye mshipa mkubwa wa damu. Ile mipira inaokoa maisha siku hiyo, lakini ncha yake iko karibu na moyo, na vijidudu vikipenya humo vimeshaingia kwenye damu. Niliwahi kutetemeka kwa homa katikati ya kikao mpaka mashine ikasimamishwa. Kwenye fistula daktari anaunga ateri (mshipa unaotoa damu moyoni) na veini (unaoirudisha) chini ya ngozi. Nguvu ya damu ya ateri inaipanua veini na kuikomaza, hadi iweze kuchomwa sindano mbili nene kila kikao, moja ya kutoa damu na nyingine ya kuirudisha. Madaktari Brescia na Cimino wa New York na wenzao waliieleza njia hii mwaka 1966, na bado ndiyo inayopendekezwa kwanza kwa wagonjwa wengi.

Hospitali ya kwanza walinipasua kifundo cha mkono wa kushoto. Kidonda kikapona, nyuzi zikatolewa, wakaniambia imefanikiwa. Hakuna aliyepima mishipa kabla, wala aliyenipangia kurudi ikaguliwe. Siku moja nesi wa dayalisisi (huko kusafisha damu) akaweka vidole pale akanyamaza, kisha akasema, "Mama, hapa hakuna kitu." Ilikuwa imeziba.

Hospitali ya pili ndiyo ninayoipa nyota. Kabla ya kisu, daktari alinipitisha altrasaundi mikono yote miwili, toka kifundo hadi begani, akipima upana wa kila mshipa. (Bima ililipa upasuaji, altrasaundi nililipa mfukoni, na ningelipa tena.) Akaniuliza, "Mama, dagaa unapima kwa mkono upi?" Nikamwambia wa kulia. "Basi tunabaki kushoto, ila tunapanda kwenye kiwiko. Huku chini mshipa umekwisha." Tena hakunificha: alisema fistula zisizokomaa si chache hata kwa bingwa, hasa kwa sisi wenye kisukari. Nilimwamini zaidi kwa kauli hiyo.

Upasuaji wenyewe ulikuwa wa ganzi, jioni nikalala kwangu.

Kazi kubwa ilikuja baadaye, nao hawakuniacha. Nilipewa mpira wa kuminya. Nilifundishwa kugusa kovu asubuhi na jioni kutafuta mtetemo, ule unaonguruma chini ya vidole kama injini ya mtumbwi iliyo mbali. Mkono ule haupimwi presha, hautolewi damu ya maabara, haulaliwi, haubebi kapu, na bangili nilizivua. Wiki ya sita wakarudia altrasaundi. Walitaka veini iwe na upana wa milimita 6, isizame zaidi ya milimita 6 chini ya ngozi, na ipitishe mililita 600 za damu kwa dakika. Yangu ilifika. Wakaanza na sindano ndogo, na mashine ilipovuta mililita 300 kwa dakika bila kulia, vikao kadhaa mfululizo, katheta ikatolewa shingoni. Mimi mafanikio ya fistula nayahesabu kuanzia siku hiyo. Anayehesabu siku ya kutoa nyuzi anatudanganya.

Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu moja. Mtetemo ukipotea, damu inakuwa imeganda au inaelekea kuganda, na fistula ikiwahiwa mapema mara nyingine huokolewa. Hawana namba ya simu ya usiku wala ya wikendi. Mwenzangu wa mashine ya jirani anatoka Sengerema. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hangoji tena kivuko. Mtetemo wake ulipokatika Ijumaa usiku alivuka na kufika getini mapema, akaambiwa asubiri kliniki ya Jumatatu. Sasa amerudi kwenye katheta. Nawaomba waweke namba hiyo, na mtu wa kuipokea.