Uzoefu wangu: "Kwa upande wetu mtandao uko sawa, dada"

Naanza na nyota kabisa msije mkasema nawazungusha. Nyota moja. Jina la kampuni ya simu silitaji kwa sababu laini yao bado ninayo, wateja wangu wote wanaijua namba ile, na mimi sitafuti kesi, natafuta pa kutolea hasira tu.

Spidi, bei ya bando, sijui minara mingapi, hayo kaulizeni wengine. Stori yangu ni ya neno moja tu: sawa. Mtandao uko sawa.

Mimi nauza dagaa. Sio wale wa magunia wanaovuka kwenda Kongo, hao wana mitaji yao. Mimi nachukua soko la Mwaloni pale Kirumba, Mwanza, nachambua mchanga, wengine nakaanga, nafunga pakiti napeleka Nyegezi stendi, basi linaondoka nazo kwenda Dar. Na wateja wa Dar wengi nimewapata X, ambayo mpaka leo naiita Twitter na hamnibadilishi. Watu wananicheka, eti dagaa na Twitter wapi na wapi, kule ni kwa wanasiasa na wabishi wa mpira. Kwani mbishi wa mpira hali? Napiga kavideo dagaa wakiwa wameanikwa, wanang'aa kama sindano, naandika mzigo mpya umetoka ziwani, hata chai haijapoa simu inaanza kuita. Na dagaa ana siku zake bhana, mwezi ukiwa mpevu wavuvi wanalala nyumbani maana taa zao hazimvuti kitu kukiwa na mbalamwezi, kwa hiyo giza likirudi, mzigo wa kwanza ukashuka, ile ndo siku ya kuposti, sio kesho yake.

Sasa ni Mei 2025, tarehe sikumbuki vizuri, ila ni siku zilezile akaunti ya Jeshi la Polisi kule X iliingiliwa na wahuni wakarusha uzushi na picha za aibu. Mzigo umetoka, safi, mkavu. Naposti. Inazunguka. Kile kiduara kinazunguka tu kama kuku aliyekatwa kichwa. WhatsApp inafunguka, kutuma hela natuma, YouTube mwanangu anaangalia katuni pembeni anacheka, Twitter tu ndo haitaki. Nikazima simu nikawasha. Nikatoa laini nikaifuta na kitenge nikarudisha. Nikanunua bando lingine, nikidhani la kwanza lina mkosi. Nikapiga huduma kwa wateja nikachezewa muziki mpaka salio la uvumilivu likaisha.

Nikapanda daladala mpaka dukani kwao mjini. Foleni, kinamba mkononi, kiyoyozi kinapuliza mpaka magoti yanauma. Nikafika kwa binti mmoja, kucha ndefu, sauti nyororo ya kufundishwa.

"Mdogo wangu, Twitter haifunguki."

"Pole dada. Kwa upande wetu mtandao uko sawa."

"Mbona haifunguki sasa?"

"Itakuwa simu yako. Ni ya zamani eeh?"

Mbele za watu! Foleni nzima ikageuka kuitazama simu yangu, na kweli ina ufa kwenye kona, ilianguka siku nashuka boti, lakini ufa na Twitter vinahusianaje? Nikamwambia kila kitu kinafunguka isipokuwa hiyo moja. Akasema ufute kumbukumbu za ndani, ikigoma peleka kwa fundi. Hapo nikauliza kwa sauti ya kawaida tu, jamani, au serikali imefunga? Wee! Alinitazama kama nimetaja jina la mchawi msibani. "Dada, hayo sisi hatuyajui, hatuna taarifa ya kitu chochote kufungwa. Anayefuata!"

Nilikuwa nimeshaanza kuondoka. Simu yake ilikuwa mezani, karibu na kikokotoo, kioo kikiangalia juu, ikawaka meseji imeingia. Simu nzuri. Na pale juu, kando ya alama ya betri, kuna kaufunguo. Kaufunguo kadogo tu. Sikujua ni ka nini, nikajua labda ni urembo wa simu za bei.

Nikaenda mitaa ya Makoroboi kwa fundi simu, nyanda, yaani kijana, mmoja mdogo tu, meza yake imejaa vioo vilivyopasuka. Kichwani nimeshapiga hesabu, akisema elfu thelathini nampa ishirini, maana nilishakubali kuwa simu ndo mbovu. Akaishika kama dakika moja akanirudishia. "Mama, simu nzima hii." Nikamwambia dukani wamesema. Akacheka akaniuliza nakaa wapi, nikasema Igoma. Akasema, "Bomba kubwa likipasuka, Igoma yote inakosa maji, si ndio? Sasa jikoni maji yanatoka, chooni yanatoka, bafuni tu hayatoki. Hilo bomba limepasuka au kuna mtu kafunga koki?"

Aisee. Nilikaa pale kwenye stuli kama nimemwagiwa hayo maji yenyewe.

Akanionesha simu yake. Juu, kando ya betri, kaufunguo kaleee. Nikamuuliza hako ni nini, akasema hako ni VPN mama, inapitisha mtandao wako nchi nyingine, ndo watu wanapitia hapo. Nusu nirudi dukani nikamwage dagaa kwenye ile meza. Yaani binti ananiambia kwa upande wetu uko sawa, kumbe upande wake yeye kapitia dirishani! Fundi alichukua elfu mbili ya soda, na angetaka angenila elfu thelathini nikashukuru. Huyo nyota tano, hata sita.

Kuhusu hako kaufunguo, mnaoniuliza inboksi kama na mimi nimekaweka, sijibu. TCRA, mamlaka yetu ya mawasiliano, walitoa tangazo Oktoba 2023 kwamba wanaotumia VPN wajisajili mpaka tarehe 30 mwezi uleule, na kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2020 zinataja faini isiyopungua milioni 5 au jela miezi 12. Milioni 5 ni dagaa wangapi? Kwa hiyo sijibu.

Baadaye kidogo waziri wa mawasiliano wa wakati ule, Jerry Silaa, akasema hadharani kwamba ndiyo, X imezuiwa, kwa sababu inaruhusu picha za ngono kinyume na sheria na maadili yetu. Sasa mimi hapo nina mambo mawili na yanagombana tumboni. La kwanza, afadhali amesema. Kweli kabisa, afadhali. Mtu akikwambia nimefunga mlango, unazunguka nyuma au unarudi nyumbani. Ila akikwambia mlango uko wazi ni wewe hujui kusukuma, hapo anakufanya mjinga. La pili, Mwaloni pale walicheka hiyo sababu mpaka wakakaa chini. Mama mmoja wa sangara akauliza, hizo picha zimeanza wiki hii? Maana X walitangaza waziwazi kuruhusu mambo ya kikubwa mwaka 2024, mwaka mzima ukapita koki iko wazi, ikaja kufungwa wiki ileile akaunti ya polisi imevamiwa. Mtu mzima ukimpa sababu inayochelewa hivyo, atatafuta ya kwake mwenyewe.

Ila ngoja niwe mkweli, maana kuna siku hao wa dukani nimewaonea. Mei 2024, ile Jumapili ya tarehe 12, intaneti ilianguka nchi nzima. Nilienda kesho yake nikapaza sauti, mmeshaanza tena, mnatufungia! Kaka mmoja pale, sio yule binti, akaniambia kwa upole kabisa ni nyaya za baharini. Waziri wa wakati huo Nape Nnauye naye alikuwa ameshasema hivyohivyo. Nikawacheka wote wawili. Kumbe kweli, nyaya za EASSy na Seacom zilikatika kule kusini, na sio sisi tu, nchi kibao za ukanda huu ziliumia. Yule kaka nilimwita mwongo mbele ya foleni na alikuwa anasema ukweli mtupu. Sijawahi kumuomba msamaha, kahamishwa.

Lakini nilaumiwe mimi peke yangu? Oktoba 2020 kwenye uchaguzi Twitter iligoma, na Twitter wenyewe wakaandika kwamba wanaona wanazuiwa na kupunguzwa kasi Tanzania, huku dukani wimbo ni uleule, sawa, sawa. Nimeshaumwa na nyoka, hata ung'ongo naukimbia.

Na msidhani ni sisi tu. Nina mteja wangu Kisumu, yeye dagaa anawaita omena. Juni 2024 mamlaka yao ya mawasiliano ilitangaza Jumatatu kwamba haina mpango wowote wa kuzima intaneti, Jumanne tarehe 25 vijana wakaingia barabarani kuupinga muswada wa fedha, mtandao ukayumba siku hiyohiyo, kampuni za simu zikasema nyaya za baharini. Akanipigia, "Hata huku tumeambiwa ni nyaya." Nikamwambia hizo nyaya zina kalenda. Inawezekana zilikuwa nyaya kweli, nimeshajifunza kutobisha sana, lakini mbona zinachagua siku? Mwingine yuko Uganda, yeye anawaita mukene. Januari 2026 wizara yao ilisema habari za kuzimwa intaneti ni uvumi, tarehe 13, siku mbili kabla ya kura, amri ikatoka, intaneti ikazimwa. Facebook ndo wala msimuulize, kwao imefungwa tangu Januari 2021. Ziwa moja, samaki mmoja, kila upande una jina lake, ila hilo jibu la "hakuna kitu" tunalijua wote.

Turudi kwenye kampuni yangu, maana ndo nilikuja kuisema. Kabla ya uchaguzi wa Oktoba 2025 nilinunua bando la wiki, kubwa, la kujibana. Tarehe 29, siku ya kura, kiza. Sio Twitter tu safari hii, intaneti yote. Oda ziko njiani, mzigo umefika stendi Dar, aliyeupokea sijui, hela sijui. Sitaki hata kusimulia siku zile, kulikuwa na watu wenye mambo makubwa kuliko dagaa, tuliache. Novemba imeanza intaneti ikarudi, na meseji ya kwanza kuingia, ya kwanza kabisa, kabla hata ya ndugu kuuliza uko hai: Ndugu mteja, bando lako limekwisha muda wake.

Nikaenda. Kiyoyozi kilekile. Binti yuleyule. Nikasema moyoni leo akitamka sawa nalala hapahapa sakafuni. Nikamweleza bando langu limeisha na sikutumia hata nusu, na wao ndo walizima. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akainama. Hakusema sawa. Akasema, "Dada, mimi mama yangu yuko Ukerewe anaumwa, siku zile zote sikujua hata anaendeleaje." Akaandika malalamiko yangu kwenye kompyuta, akanipa kinamba. Hakuna kilichorudi mpaka leo, wala sidhani kitarudi, lakini siku ile nilitoka sijagomba na mtu. Andikeni nyota mbili. Tatu, kwa ajili ya yule binti, kazi ile inamlazimu.

Halafu Januari 2026 Rais Samia akakutana na mabalozi Dodoma akawapa pole kwa kukosa intaneti siku zile. Ni vizuri, mgeni apewe pole. Na bando langu nani analipa pole? Rudisheni ziwe moja. Mimi nimenunua bando, nina meseji ya malipo, balozi hana.

Sasa wiki kama mbili zilizopita nipo kwenye meza yangu Mwaloni, jua kali, nzi wanasumbua, naona dada kavaa miwani ya jua anauliza kisado cha waliokaangwa bei gani. Kucha zilezile. Nikanyamaza. Akaweka simu mezani atafute hela kwenye mkoba, kioo kikiangalia juu, na kaufunguo kapo, kamekaa palepale. Nikampimia kisado, nikamwongezea na cha juu, maana mama yake nilimuuliza akasema amepona.

Anafunga mfuko, akanitazama usoni vizuri. "Dada, kumbe ni wewe wa zile video? Mbona siku hizi sikuoni Twitter?"

Nikamwambia mdogo wangu, kwa upande wangu niko sawa. Itakuwa simu yako.