Tathmini ya eSIM ya wasafiri: yafaa Dubai, Kampala si lazima

Katika kundi letu la wasafiri kwenye WhatsApp, ambalo wanachama wake wengi wanatoka Kisumu, Kakamega, Busia na Nakuru, aliyekwisha kufika mahali ndiye anayemwelekeza anayekwenda. Humo ndimo watu huuliza kama cheti cha chanjo ya homa ya manjano kinakaguliwa Malaba, ni wapi pa kubadilisha shilingi bila kupunjwa, na kama ni salama kupanda bodaboda usiku baada ya kushuka basi Kampala. Maswali ya namna hiyo hayangoji mtu afike hotelini apate waifai, kwa maana huulizwa akiwa amesimama kando ya barabara na mzigo mkononi. Kwa sababu hiyo nimeipima eSIM ya wasafiri kwa kigezo kimoja: je, inamwezesha mtu aliye likizoni nje ya nchi kubaki ndani ya kundi lake, kwa nambari ileile ambayo wenzake wanaijua, bila kurudi nyumbani na bili ya kumtoa jasho? Nimeitumia Uganda na Dubai, na jibu langu si moja kwa sehemu hizo mbili.

eSIM ni laini isiyo na kadi ya kutia na kutoa. Chipu yake imo ndani ya simu tangu kiwandani, na mnunuzi hupewa msimbo wa QR ambao akiuelekezea kamera, taarifa za laini hushuka na kukaa humo. Kampuni zinazouza eSIM za wasafiri kwa kawaida hazina minara yao. Hununua huduma kwa jumla kutoka kwa mitandao ya nchi mbalimbali na kuiuza kwa rejareja kama bando la nchi moja au la eneo zima, na malipo hufanywa kwa kadi ya benki kupitia programu. Siitaji kampuni niliyonunua kwake, kwa kuwa mengi nitakayoyasema yanatokana na jinsi huduma yenyewe ilivyoundwa, na atakayenunua kwingine atayakuta yaleyale.

Sifa yake kubwa, na kwangu ndiyo inayohalalisha gharama, ni kwamba laini ya nyumbani haing'olewi. WhatsApp hufuata nambari iliyosajiliwa wala haijali intaneti inatoka laini ipi, kwa hiyo bando la Dubai likiwa linafanya kazi, ujumbe wako huonekana kundini kwa jina na nambari ileile ya Kenya. Programu ikikuuliza kama unataka kubadilisha nambari, kataa. Wakati huohuo laini ya Kenya inabaki hewani kwa ajili ya SMS, hasa zile za benki zenye msimbo wa kuthibitisha malipo, ambazo mtu huzihitaji sana anapolipia hoteli au tiketi akiwa ugenini. Anayeitoa laini yake mpakani na kuitia kwenye pochi hupoteza hayo yote mpaka atakaporudi, na ikitokea kwamba WhatsApp imefutika au simu imebadilishwa, msimbo wa kuirejesha utatumwa kwa laini ambayo iko pochini.

Mipangilio ya simu ndiyo inayowachanganya wengi, nami nitaieleza kwa kirefu kwa kuwa hapa ndipo pesa hupotelea. Romingi ya data, yaani kutumia intaneti kupitia mtandao wa nchi nyingine, izimwe kwenye laini ya Kenya na iwashwe kwenye eSIM, kwa sababu eSIM hiyo nayo ni mgeni katika mtandao inaoutumia, na romingi yake ikizimwa haitapata intaneti hata kama bando limelipiwa. Simu nyingi pia zina kitufe kinachoruhusu data kuhamia laini ya pili pale ya kwanza inapodhoofu. Hicho kizimwe kabisa, maana kinaweza kuyahamishia matumizi yote kwenye laini ya nyumbani, kwa bei ya romingi, na mwenye simu asijue. Wakazi wa Busia, Malaba na Port Victoria hawahitaji kufundishwa jambo hili: simu zao hukamata minara ya Uganda wakiwa bado wamo Kenya, na ujumbe wa kukaribishwa nchi jirani huwafikia wakiwa sokoni kwao. Ndani ya WhatsApp yenyewe, katika sehemu ya hifadhi na data, zuia picha na video zisijipakue mtu anapokuwa kwenye romingi. Kundi la WhatsApp linaweza kuwa na watu hadi 1,024, na katika watu wengi hivyo hawakosekani wanaotuma video za harusi na za siasa katikati ya maelekezo ya safari. Bando dogo huisha kabla ya chakula cha mchana.

Uganda ina mambo yake. Facebook ilifungwa huko Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, na haikufunguliwa baada ya kura kuhesabiwa. Miaka ilipita ikiwa bado imefungwa. Makundi mengi ya wasafiri wa Afrika Mashariki yako Facebook, na mtu anayenunua laini ya Uganda mara tu anapovuka mpaka hujikuta ametolewa humo bila kuambiwa sababu. Laini ya kigeni, iwe ni ya Kenya iliyo kwenye romingi au eSIM ya wasafiri, kwa kawaida husafirisha data yake kwanza hadi kwenye mitambo ya mtandao wake wa asili au ya nchi ya tatu, ndipo itoke kwenda kwenye intaneti, na kwa hiyo mara nyingi kufuli lililowekwa kwenye mitandao ya nchi mwenyeji haliigusi. Kwangu Facebook ilifunguka Kampala bila VPN yoyote, yaani programu ya kuficha mahali intaneti yako inakotoka. Kwa yule ambaye maelekezo yake yote yako katika makundi ya Facebook, sababu hiyo peke yake inatosha kununua.

Kwa wasafiri wengine wa Kampala siishauri. Kuanzia 2014 na 2015, Kenya, Uganda, Rwanda na Sudan Kusini zilianza kutekeleza mpango wa mtandao mmoja, uliopunguza sana gharama za kupiga simu na kuondoa malipo ya kupokea simu mtu akiwa nchi jirani. Mpango huo ulilenga sauti, si data, na kwa upande wa data laini ya Uganda hutoa bando kubwa kuliko eSIM kwa pesa ileile. Ni kweli kwamba data ya huko ina kodi yake ya asilimia 12, iliyoanza Julai 2021 na kuchukua nafasi ya ile ya shilingi 200 za Uganda kwa siku ambayo watumiaji wa mitandao ya kijamii walitozwa tangu Julai 2018, lakini hata ukiijumlisha, hesabu bado inaipendelea laini ya mwenyeji. Simu yenye nafasi mbili za kadi inamtosha msafiri huyo.

Dubai ndiko eSIM ilikonipendeza bila shaka. Ndege inapogusa ardhi unaizima hali ya ndegeni, mtandao unashika, na swali lako kuhusu treni ya mjini linakuwa limekwisha kujibiwa kabla hujafika kwenye mikanda ya mizigo. Saa ya huko imeitangulia yetu kwa saa moja tu, kwa hiyo anayeuliza asubuhi huwakuta wenzake wa Kisumu wameamka. Jambo la kujua mapema ni kwamba simu za sauti na za video za WhatsApp zimezuiwa katika Falme za Kiarabu, ingawa maandishi, picha na ujumbe wa sauti uliorekodiwa hupita. Usinunue eSIM kwa tumaini la kupiga simu hizo. Wapo wanaoshauri kundini kutumia VPN ili kukwepa kizuizi hicho. Ushauri huo naupinga, kwa kuwa sheria ya nchi hiyo ya makosa ya mtandao ya 2021 inamwadhibu vikali anayeficha anwani yake ya mtandao ili kutenda kosa, na sheria hiyohiyo inakataza kupiga na kusambaza picha za watu bila ridhaa yao. Anayepiga picha dukani ili aitume kundini aangalie kwanza ni nani aliyeingia ndani ya picha hiyo.

Kasoro zipo. Bando nyingi za wasafiri ni za data tupu na hazina nambari ya simu, kwa hiyo dereva wa teksi au mwenye chumba ambaye hatumii WhatsApp hawezi kukupata isipokuwa akupigie kwa nambari ya Kenya, na kuipokea simu hiyo Dubai ni gharama. Kwa vile data inapitia nchi ya tatu, kurasa huchelewa kidogo kufunguka, na baadhi ya tovuti hudhani uko huko na kukuonyesha bei kwa sarafu isiyokuhusu. Msimbo wa QR mara nyingi hutumika mara moja tu, na anayeifuta laini kwa kudhani ataiweka tena hulazimika kununua nyingine. Tena kuiweka kunahitaji intaneti, kwa hiyo ifanyiwe nyumbani kabla ya safari, si foleni ya pasipoti.

Kubaki kundini kuna hatari ambayo hakuna bando linaloiondoa. Mahali ulipo panaweza kuonyeshwa moja kwa moja kwenye WhatsApp kwa dakika 15, saa 1 au saa 8. Mtumie ndugu au rafiki mmoja unayemwamini, kamwe si kundi la mamia ambao hujawahi kukutana nao. Washa pia nambari ya siri ya tarakimu sita ya uthibitisho wa hatua mbili kabla ya kuondoka, na anayekuomba msimbo uliotumiwa kwa SMS asipewe, hata akijitambulisha kuwa msimamizi wa kundi.

Kabla ya kulipa, piga *#06# kwenye simu yako. Ikionyesha nambari ya EID, simu inapokea eSIM. Isipoonyesha, pesa yako itapotea. iPhone zina uwezo huo tangu XS ya 2018, na Samsung za mfululizo wa Galaxy S tangu S20 ya 2020, lakini simu nyingi za bei nafuu zinazouzwa Oginga Odinga Street hapa Kisumu hazina. Anayenunua simu iliyotumika ahakikishe pia kwamba haijafungwa na mtandao wa nchi ilikotoka. Ambaye simu yake haina eSIM wala nafasi ya pili ya kadi bado ana njia: aitie laini ya Kenya kwenye kabambe, ile simu ndogo ya vitufe, na kuiacha humo ipokee SMS za benki, kisha simu yake kubwa aiwekee laini ya nchi anayoitembelea, akiwa ameisajili WhatsApp kwa nambari yake ya Kenya kabla ya kuondoka.