Nilisita wiki tatu kabla ya kula kwenye mgahawa wa kona: uzoefu wangu

Nilipohamia mtaa huu, mgahawa wa kona ndio kitu cha kwanza nilichokiona: meza sita, viti vya plastiki, kabati la vioo karibu na mlango, na kijana mmoja anayefuta meza hata kama hakuna aliyekalia. Nikapita. Kesho yake nikapita tena. Wiki tatu nzima nilikuwa natupia jicho tu na kwenda zangu, ingawa njaa ilikuwepo na nyumbani sufuria zilikuwa bado kwenye maboksi.

Nina sababu. Miaka kadhaa iliyopita nilikula mahali pengine kabisa, pazuri, pana vitambaa mezani, nikaishia kutundikiwa dripu. Tangu hapo mimi ni yule aliyeumwa na nyoka: hata jani likitikisika nashtuka.

Kwanza nikaingia mtandaoni kusoma maoni. Nyota nyingi, sifa nyingi, na zote fupi: "Safi sana", "Nimepapenda", "Huduma nzuri". Maoni ya namna hiyo hayanisaidii, yangeweza kuwa ya saluni au ya gereji. Na wenye migahawa wana sababu ya kuzihangaikia hizo nyota. Mwaka 2011 mtafiti Michael Luca wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, aliangalia migahawa ya mji wa Seattle kwenye Yelp, tovuti ya maoni ya wateja, akakuta nyota moja zaidi inaendana na ongezeko la mapato la asilimia 5 hadi 9, na kwamba waliofaidika ni migahawa ya watu binafsi, si ile yenye matawi kila mji. Kwa hiyo nyota tano nazichukua kama salamu tu. Mimi huenda moja kwa moja kwa waliotoa mbili au tatu, maana hao ndio huwa wanakumbuka kilichotokea.

Mmoja wao alitoa nyota mbili na kulalamika hivi: amefika saa nane na nusu mchana mara mbili, na mara zote mbili ameambiwa chakula kimekwisha. Alikuwa amekasirika kweli. Mimi nikafurahi. Mgahawa unaothubutu kumwambia mteja mwenye pesa mkononi "kimekwisha" ni mgahawa unaopika cha siku hiyo, kikaisha, ukaosha sufuria. Ninaouogopa ni ule wenye menyu ya kurasa nane na kila ukiuliza jibu ni "kipo".

Basi nikaanza kupeleleza. Nilikwenda saa sita unusu, nikasimama ng'ambo ya barabara najifanya naongea na simu. Foleni ya watu tisa. Wengi walikuwa wamevaa nguo za kazi, na wawili nilishawaona pale siku nyingine. Hilo nalipa uzito kuliko nyota: mtu anayefanya kazi jirani akiumwa tumbo hapa leo, kesho hutamwona. Ubaoni palikuwa na vyakula vinne kwa chaki, kimoja kimeshafutwa kwa kidole.

Kitu kimoja sikukipata, nacho ni cheti chochote cha usafi. Wales, tangu 2013, mgahawa unalazimika kubandika mlangoni alama yake ya ukaguzi, kuanzia 0 hadi 5, na New York wanabandika herufi A, B au C tangu 2010. Kwenye mlango huu palibandikwa kalenda ya mwaka jana. Kwa hiyo mkaguzi nikawa mimi.

Nikaingia. Jiko liko wazi nyuma ya kaunta, unaona kila kitu, na hapo ndipo niliposhusha pumzi. Mpishi ni mama wa makamo mwenye miwani. Alifunua sufuria, mvuke ukapanda mpaka miwani ikawa nyeupe tupu, akasimama hivyo hivyo na upawa juu, akisubiri aone tena, kisha ndipo akapakua. Hakujifuta kwa mkono. Pesa hazigusi kabisa: anapokea binti aliyekaa pembeni na kikasha, na chenji inatoka kwake. Nimekula sehemu ghali zaidi ambapo mkono uliohesabu noti ndio huo huo uliokatia nyama.

Chakula kilikuja cha moto, cha kupuliza. Wali unaachana punje, mchuzi mzito, mboga bado zina rangi yake. Chumvi ilizidi kidogo, lakini nilimaliza mpaka nikaona ua lililochorwa chini ya sahani.

Kasoro ni sinki. Bomba linatoa maji vizuri, ila sabuni ya maji imeongezwa maji mpaka imesahau kwamba ilikuwa sabuni. Pembeni limening'inia taulo moja la wateja wote, bichi. Nilijifutia suruali. Na kabla sijameza tonge la mwisho, yule kijana wa meza akaniinamia: "Kaka, usisahau kutupa nyota tano." Nikamwambia ngoja kwanza tumbo litoe maoni yake.

Tumbo halikulalamika. Nikarudi mara mbili wiki ile, mchana, hali ikawa ile ile.

Kosa langu lilikuwa kudhani mgahawa ni mmoja. Ijumaa nilichelewa kazini, nikafika saa mbili kasoro usiku. Sufuria hazipo, mama hayupo, jiko limefungwa isipokuwa kichomeo kimoja. Chakula kilikuwa ndani ya kabati la vioo chini ya taa ndogo, na nilipoweka kiganja kwenye kioo kilikuwa vuguvugu kama kikombe cha chai kilichosahaulika. Wali ulikuwepo pia, umekauka juu.

Hapa ndipo watu wengi tunakosea kidogo. Tunaangalia kama chakula kinanuka, na chakula kinaweza kisinuke hata kidogo. Shirika la Afya Duniani lina kanuni zake tano za chakula salama, na hesabu zake ni rahisi kukumbuka: kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, cha moto kibaki juu ya nyuzi 60, cha baridi chini ya nyuzi 5, na kiporo kikipashwa kifike nyuzi 70 hadi ndani. Vuguvugu ndiyo hali mbaya kuliko zote. Wali una balaa lake la ziada, bakteria aitwaye Bacillus cereus. Mbegu zake huvumilia kuchemshwa, na wali ukikaa muda mrefu bila kupoozwa huzaliana na kutoa sumu ya kutapisha ambayo hata ukiupasha upya haitoki. Kwa hiyo lile neno la "tutakupashia" halinipi faraja yoyote.

Nikamuuliza kijana, "Huu umepikwa saa ngapi?"

"Wa leo, kaka."

"Leo saa ngapi?"

Akageuka kuangalia jikoni, kana kwamba jibu liko kule, kisha akatabasamu. Nikaagiza mayai mawili yakaangwe mbele yangu, nikala, nikaondoka. Kwa haki yake, hakununa wala hakubisha, na mayai aliyakaanga vizuri.

Jumatatu mchana nikamkuta mama mwenyewe. Nikamwamkia, nikamsifu mchuzi, halafu nikamweleza polepole habari ya Ijumaa. Hakukasirika. Alikuwa anakwangua ukoko, akaendelea kukwangua.

"Mwanangu," akasema, "mimi naingia saa kumi na moja alfajiri, natoka saa tisa. Changu kikiisha kimeisha. Kikibaki, nawaambia wagawane waende nacho nyumbani mapema. Sasa cha usiku usiniulize mimi."

Maana yake nikaielewa: usiku ni biashara ya mwenye mgahawa, na kinachouzwa ni kile ambacho hawakugawana.

Kwa hiyo nimepanga hivi. Nikiwahi kabla ya saa nane mchana nakula pale bila wasiwasi, na nawaambia majirani waende, wajipange foleni, wasiogope viti vya plastiki. Jioni napika mwenyewe, au nikizidiwa naagiza kitu kinachopita motoni mbele ya macho yangu. Kiporo cha kabatini namwachia aliyekichelewesha. Sabuni natembea nayo kwenye begi, kichupa kidogo.

Nimewapa nyota nne, nikaandika wazi kuwa ni za mchana. Kijana ameziona na bado ananidai ya tano kila nikikaa. Nimemwambia nitaiweka siku nikibonyeza ile chupa ya sinkini ikatoa povu.